Muswada wako utafikiwa lini? Kulinganisha foleni za mabunge ya Texas, Nebraska, Colorado na California

Muuguzi aliyesomea Bukavu au Tanga, akafanya kazi wodini miaka kumi, akihamia Marekani leseni yake haimfuati. Leseni za wauguzi kule hutolewa na jimbo, kwa hiyo akitaka sheria ilegezwe kidogo ili asirudishwe darasani kuanza upya, mlango wa kubisha ni wa bunge la jimbo analoishi. Tuseme amebisha na amefunguliwa: mwakilishi mmoja amekubali kuubeba muswada, umeandikwa, umepewa namba. Wengi wetu tukifika hapo tunaanza kuhesabu kura, nani yuko upande wetu na nani hayuko.

Mimi nimejifunza kuanzia kwingine. Katika mabunge haya, miswada inayoangushwa kwa kura ni michache ukilinganisha na inayokufa kwa kutofikiwa. Kikao kinafungwa muswada ukiwa bado kwenye orodha, na kesho yake huna mjumbe hata mmoja wa kumwendea na kumwambia "wewe ulitukataa", kwa sababu hakuna aliyeukataa. Ulikuwa namba 94, wao wakaishia namba 80. Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu bunge lolote siku hizi ni hili: hapa nani anapanga foleni, na akiniweka nyuma, nitamjua?

Ulinganisho huu nimeuandika nikiwafikiria watu wa aina mbili. Kuna ndugu zetu walioko Houston, Omaha au Denver, ambao wana siku moja tu ya ruhusa kazini na wanataka kujua waitumie kumwona nani. Na kuna wanaokaa kuandika kanuni: wawakilishi wa wadi katika mabunge 47 ya kaunti za Kenya, makatibu wa vyama vya ushirika, viongozi wa serikali za wanafunzi. Hawa wa pili wana nafasi ya kuchagua, na ni afadhali wachague wakiwa wameona wenzao walivyojikwaa. Marekani ina majimbo 50 na kila bunge linajiandikia kanuni zake. Nimechukua manne kwa sababu yanatofautiana kweli.

Jambo moja tuliweke sawa kwanza. Anayefuatilia Bunge la Dodoma amezoea kuona miswada mingi ikiletwa na Serikali, na Kamati ya Uongozi chini ya Spika ikipanga shughuli. Katika majimbo ya Marekani gavana hana kiti bungeni. Hata muswada anaoutaka yeye mwenyewe lazima ubebwe na mjumbe, na kila mjumbe ana yake ya kubeba. Foleni inakuwa ndefu mno, na anayeipanga anakuwa mtu mkubwa.

Texas: siku 140 na usiku mmoja mrefu

Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, kwa siku 140 tu, kuanzia Januari ya mwaka wa witiri. Kikao cha 2025 kiliwasilishiwa miswada zaidi ya 8,000, ikapita kama 1,200. Usiopita hausubiri kikao kijacho. Umekufa, na mwenye nao akitaka ataurudisha baada ya miaka miwili ukiwa na namba mpya, aanze tena kuzunguka ofisi kwa ofisi.

Katiba ya jimbo yenyewe inagawa siku: 30 za kwanza za kuwasilisha, 30 zinazofuata za kamati kusikiliza, na baada ya hapo ndipo miswada ipigiwe kura. Gavana akitangaza jambo kuwa la dharura, jambo hilo linaruka siku hizo 60. Waliozoea muswada unaoletwa kwa hati ya dharura watauona undugu, ila gavana wa Texas hana muswada mkononi. Alichonacho ni ufunguo wa muda.

Bunge hili lina vyumba viwili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Baraza lina wajumbe 150. Muswada wa muuguzi wetu ukishasikilizwa na kupitishwa na kamati inayohusika, hauendi ukumbini moja kwa moja. Unakwenda kwenye kamati nyingine, Kamati ya Kalenda, ambayo wajumbe wake huteuliwa na Spika. Hii haiiti wananchi kutoa maoni, wala haiulizi kama hospitali zina uhaba wa wauguzi. Kazi yake ni kuamua muswada upi uende ukumbini, siku gani, na kwenye kalenda ipi: ya dharura, ya mambo makubwa ya jimbo, ya marekebisho ya katiba, ya mambo ya kawaida. Za juu husomwa kwanza. Orodha ya siku lazima itolewe saa 36 kabla ya kujadiliwa, na hilo ni jema ambalo nitalirudia mwishoni.

Halafu kuna siku ya mwisho. Siku ya 122, saa sita usiku, ndiyo kikomo cha Baraza kujadili miswada yake lenyewe katika usomaji wa pili. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia Mei 15. Anayetaka kuelewa siasa za foleni autazame usiku wa aina hiyo, hata kwa matangazo ya mtandaoni ambayo Baraza lenyewe hurusha. Mwenye muswada anasimama kwenye kipaza sauti cha mbele, mwenye swali anasimama kwenye kile cha nyuma. Inafika saa nne usiku. Mwenye swali anauliza kwa adabu kabisa: mheshimiwa, neno hili katika kifungu cha pili lina maana gani? Na je, umeongea na kaunti za vijijini? Anajibiwa, anashukuru, anakuja mwingine na swali linalofanana na lile. Muswada unaojadiliwa hauna ubaya wowote, na huyo anayeuliza ataupigia kura ya ndiyo. Anachokiwinda kiko chini zaidi kwenye orodha, muswada mmoja asioutaka, na kila dakika inayokwenda hapa ule wa chini hautaipata. Saa sita ikigonga, yote iliyobaki inazama pamoja, ule uliowindwa na ile iliyokuwa jirani yake tu. Wa muuguzi wetu, kama Kamati ya Kalenda iliuweka chini, unazama nayo.

Hili limewahi kufanywa kwa wazi. Mei 2009 Wademokrati walivuta muda kwa siku tano, wakijadili kwa urefu miswada midogo isiyo na ubishi, ili muswada wa kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho kituoni usifikiwe. Walifaulu, na miswada mingi isiyohusika ikafa pembeni. Mwaka 2011 ule wa kitambulisho ulirudi ukapita. Mei 2017 ikawa zamu ya kundi la wahafidhina ndani ya chama chenye wingi. Walikuwa wamekasirishwa kwamba miswada yao haipangwi, wakaiangusha kwa siku moja miswada zaidi ya 100 kutoka kwenye kalenda ya mambo madogo, ambako wajumbe watano wakipinga muswada unaondolewa. Nikiyasoma matukio haya mawili huwa nawafikiria wale waliokuwa na muswada wao mdogo mle ndani, wa daraja fulani au wa hospitali ya wilaya, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Seneti ya Texas ni habari nyingine kabisa. Ina maseneta 31, na kanuni yake inasema miswada ichukuliwe kwa mpangilio iliotoka nao kamatini, aliyetangulia atangulie. Ukiisoma hivyo utaiona ni haki tupu. Lakini mwanzoni mwa kikao muswada mmoja hupitishwa haraka kamatini na kuwekwa juu kabisa ya orodha. Kwa desturi umekuwa muswada wa kupendezesha bustani za kaunti. Hakuna anayekusudia kuujadili. Unakaa pale kama gogo barabarani hadi kikao kiishe. Na kwa kuwa wa kwanza haujashughulikiwa, kila mwingine uko nje ya zamu yake, kwa hiyo kuufikia ni mpaka Seneti itengue kanuni. Kanuni imewekwa ili itenguliwe kila siku, na nguvu yote inahamia kwenye idadi ya kura za kutengua.

Kwa muda mrefu idadi hiyo ilikuwa theluthi mbili, yaani 21 kati ya 31. Maseneta 11 wakishikamana, muswada haukufikiwa, na ndiyo maana wakubwa walilazimika kukaa nao na kuelewana. Mwaka 2015, Dan Patrick alipoingia kuwa Naibu Gavana, ambaye Texas ndiye huongoza vikao vya Seneti, na Warepublikana wakiwa na viti 20, idadi ilishushwa hadi tatu ya tano, yaani 19. Mwaka 2021, walipobaki na viti 18, ikashushwa hadi tano ya tisa, yaani 18. Gogo liko pale pale. Kilichopunguzwa ni idadi ya watu wa kulisogeza, na kila mara kimechukuliwa kipimo cha chama chenye wingi. Anayeandika kanuni aliangalie hili kwa makini kuliko jambo lingine lolote la Texas. Kinga ya wachache ikiandikwa ndani ya kanuni ambazo wengi huzipitisha upya kila kikao, siku ambayo wachache wanaihitaji sana ndiyo siku itakayoondolewa.

Nebraska: kila seneta na zamu yake moja

Nebraska ndilo jimbo pekee lenye bunge la chumba kimoja. Wananchi waliamua hivyo kwa kura mwaka 1934, baada ya George Norris, seneta wao huko Washington, kuzunguka jimbo akiupigia debe mpango huo, na bunge jipya likaanza 1937. Maseneta ni 49, na kwenye karatasi ya kura jina la chama halionekani. Wenyewe husema chumba cha pili ni wananchi. Msemo huo una kanuni nyuma yake: kila muswada, hata wa seneta mgeni asiye na rafiki mle ndani, lazima usikilizwe hadharani, na tangazo litoke siku saba kabla. Muuguzi wetu wa Omaha ana hakika ya kukaa kwenye kile kiti mbele ya kamati, aseme jina lake na shida yake, na iandikwe. Mwenzake wa Houston hana hakika hiyo, kwa sababu Texas mwenyekiti wa kamati asipoupanga muswada, hakuna kikao cha kuusikiliza.

Tuje kwenye foleni. Vikao vyao ni siku 90 mwaka wa witiri na 60 mwaka wa shufwa, na usiomalizika mwaka wa kwanza unavuka kwenda wa pili. Miswada ni mamia, haiwezi kujadiliwa yote, na wao hawajifanyi kwamba inaweza. Kwa hiyo kila seneta anapewa haki ya kutaja muswada mmoja kuwa wa kipaumbele. Ni mmoja tu, awe mkongwe wa miaka saba au awe ameapishwa Januari hii. Kila kamati inataja miwili. Spika anataja hadi 25. Ukijumlisha unapata takriban 100, na hiyo hutangulia kujadiliwa mbele ya mingine. Seneta si lazima ataje wa kwake. Anaweza kuitoa nafasi hiyo kwa muswada wa mwenzake.

Angalia hili linavyombadilishia muuguzi wetu kazi. Hahitaji kumjua Spika, wala kufahamiana na mtu anayefahamiana na mjumbe wa kamati ya kalenda. Anahitaji seneta mmoja kati ya 49, na anamwomba kitu chenye thamani kwa sababu hakigawanyiki: kipaumbele chako cha mwaka huu, tupe sisi. Seneta anaweza kusema kwa tabasamu kwamba anauunga mkono muswada, na maneno hayo hayamgharimu kitu. Lakini siku ya kutaja vipaumbele ikifika, jina lake litasomwa kando ya namba moja, na mtu yeyote ataona ni namba gani. Katika mabunge haya yote manne sijaona mahali pengine ambapo ahadi ya mwanasiasa inapimwa kwa urahisi kiasi hicho.

Spika wa Nebraska bado ana nguvu. Yeye ndiye anayepanga ni kipaumbele kipi kianze Jumanne na kipi kisubiri Aprili, na anachaguliwa na maseneta wenzake kwa kura ya siri. Kuhusu kura hiyo ya siri wapo wanaoipinga, wakisema mwananchi ana haki ya kujua seneta wake alimchagua nani. Hoja yao ina uzito. Mimi naona inamfanya Spika awe mtu wa ukumbi mzima, kwa sababu hawezi kuwaadhibu asiowajua.

Udhaifu upo, tena mkubwa. Kwanza, kamati inaweza kuusikiliza muswada vizuri, ikashukuru kila mtu, kisha ikauweka kabatini. Pili, zamu si sawa na muda. Kufunga mjadala wa seneta aliyeamua kuvuta muda kunahitaji kura 33 kati ya 49, na kabla ya hapo saa nyingi lazima zipite. Mwaka 2023, kuanzia Februari, Seneta Machaela Cavanaugh alivuta muda kwenye muswada baada ya muswada, hata asiyokuwa na ugomvi nayo, kwa lengo la kuzuia muswada mmoja wa kukataza matibabu ya kubadili jinsia kwa watoto. Foleni ilikwama kwa majuma. Ili kuokoa kilichokuwa kinaokoleka, miswada midogo ikafungwa ndani ya mikubwa kama nguo ndani ya robota la mtumba, na muswada aliokuwa akiupinga ukapita Mei. Hata mwenye kipaumbele halali alijikuta anasubiri kama wengine.

Colorado: kufa kwa kura

Mwaka 1988 wananchi wa Colorado walichoka na wenyeviti waliokuwa wakiikalia miswada hadi kikao kiishe, na kamati ya kanuni iliyokuwa ikichuja kipi kifike ukumbini. Wakaiandika dawa ndani ya katiba ya jimbo. Marekebisho hayo yanaitwa GAVEL, herufi za mwanzo za maneno yanayomaanisha "mpe kila mjumbe kura yake", na neno lenyewe likisomwa ni nyundo ya mwenyekiti. Yanasema kila muswada utajadiliwa na kupigiwa kura na kamati kwa uzito wake, na ukipita utawekwa kwenye kalenda kwa mpangilio uliotoka kamatini.

Kilichowawezesha kutimiza hilo ni kwamba mlango wa kuingilia ni mwembamba. Wawakilishi 65 na maseneta 35 ni watu 100, na kila mmoja kwa kawaida anaruhusiwa miswada mitano kwa mwaka, katika kikao cha siku 120. Huwezi kuahidi kila muswada kura ukiwa na miswada 8,000. Ukiwa na mia kadhaa unaweza.

Kwa muuguzi wetu wa Denver, hii ina maana kwamba akishindwa atajua ameshindwa na nani. Kuna majina, na kuna upande ambao kila jina liliangukia. Anaweza kurudi mwakani akaanza na waliosita.

Lakini watu wa siasa hawakosi njia. Uongozi ukitaka muswada ufe, unaupeleka kwenye kamati ambayo wajumbe wake wanajulikana kuutii uongozi, hata kama mada haihusiani na kazi ya kamati hiyo. Kamati ya mambo ya jimbo na wanajeshi wastaafu imejipatia sifa hiyo kiasi kwamba watu huiita kamati ya kuulia. Na ukumbini kuna mbinu ya kuuahirisha muswada hadi tarehe ambayo kikao kitakuwa kimeshafungwa. Umewekwa kwenye kalenda kama katiba inavyotaka, ila kwenye kalenda ya siku isiyokuwepo.

California: rundo la kusubiri

Sitakaa sana hapa, kwa sababu kama unatafuta cha kuiga, hiki sikushauri. Katika bunge la California kila muswada wenye gharama kwa jimbo hupitia kamati ya matumizi, na ukizidi kiwango fulani (kwa Baraza la chini ni dola 150,000) unawekwa kwenye rundo la kusubiri. Mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Mei na Agosti, rundo linafunguliwa kwa siku moja. Mwenyekiti anasoma namba za mamia ya miswada kwa kasi ya mnadani: huu umepita, huu umebaki, huu umepita na marekebisho. Sababu haitolewi. Mwenye muswada anakaa na kalamu mkononi akisubiri namba yake isomwe, na ikisomwa inachukua sekunde chache, kisha nyingine.

Wanaoutetea utaratibu huu wanasema fedha lazima zitazamwe kwa pamoja, la sivyo kila muswada utapita peke yake na bajeti itapasuka. Ni kweli kabisa. Ila kutazama kwa pamoja hakuzuii kutoa sababu.

Ukiwa na siku moja ya ruhusa

Texas, usisubiri Januari. Miswada inaanza kupokelewa Novemba, mara baada ya uchaguzi mkuu, na kila juma la kuchelewa unalipa Mei. Mwombe mwakilishi wako atafute seneta wa kuwasilisha muswada pacha, maneno yale yale, ili uwe kwenye foleni mbili. Muswada wa Seneti una siku ya mwisho tofauti katika Baraza, ya baadaye, kwa hiyo pacha mmoja akizama siku ya 122 mwingine bado anaweza kuwa hai.

Nebraska, siku yako ni kabla ya tarehe ya mwisho ya kutaja vipaumbele, ambayo huja katikati ya kikao. Siku ya kusikilizwa unaweza kumtuma mwenzio au kutuma maandishi. Kuomba kipaumbele kamwombe mwenyewe, ana kwa ana. Colorado ni kinyume: siku ya kamati ndiyo siku yenyewe, kwa sababu kura inapigwa mbele yako, na kabla ya hapo uulize muswada umepelekwa kamati gani. Ukisikia umepelekwa kamati isiyohusiana na wauguzi, anza kuongea na wajumbe wake siku hiyo hiyo. California, ruhusa itumie mapema kukaa na mwenye muswada mpunguze gharama ishuke chini ya kiwango. Siku ya kusoma namba hakuna anayesikiliza mtu.

Ukiwa na kalamu mkononi

Kwa bunge dogo, mfano bunge la kaunti linaloshughulikia miswada ya kuhesabika kwa mwaka, chukua cha Colorado. Kamati ya shughuli ipange siku na saa, lakini isiwe na uwezo wa kuuzika muswada kimyakimya. Wenye foleni fupi hawana sababu ya kumnyima mtu kura, na ukiona kamati inasema haina nafasi huku orodha ina miswada sita, jua tatizo lake si nafasi.

Kwa chombo chenye mambo mengi kuliko muda, na hapa naweka hata mkutano mkuu wa ushirika wenye ajenda 40 na mchana mmoja, chukua cha Nebraska. Kujidanganya kwamba yote yatafikiwa ni kumpa mwenyekiti ruhusa ya kuchagua bila kusema amechagua. Kila mjumbe awe na zamu moja iliyoandikwa jina lake. Ongeza saa 36 za Texas, ili orodha ibandikwe siku moja na nusu kabla na asiwepo wa kushtukizwa. Ongeza pia kikomo cha dakika kwa kila jambo, ambacho Nebraska ingekihitaji mwaka 2023, na ukiandike kwa namna ambayo wachache bado wanaweza kusema neno lao lote mara moja.

Na chochote utakachoandika kuhusu idadi ya kura za kuruka foleni, usikiache mahali ambapo wengi wa leo wanaweza kukishusha asubuhi na kukitumia mchana. Colorado waliweka chao kwenye katiba, wakakidumisha tangu 1988. Seneti ya Texas waliacha chao kwenye kanuni, kikashushwa mara mbili ndani ya miaka sita.

Ningeandika kifungu chenyewe hivi, na yeyote anaruhusiwa kukichukua: "Kila mjumbe atataja muswada mmoja kwa mwaka kuwa wa kipaumbele. Miswada hiyo itajadiliwa kabla ya mingine, kwa mpangilio iliotoka nao kamatini. Muswada wa kipaumbele hautaahirishwa isipokuwa kwa hoja inayotaja tarehe ndani ya kikao hicho hicho, na kumbukumbu zitaonyesha jina la mtoa hoja na la kila aliyemuunga mkono."